Programu nzuri na rahisi: kwa nini mafundi wake huzitilia shaka?

Mzazi anayetaka kupakua programu ya kumfundisha mtoto kusoma, au ya kufuatilia ujauzito, mara nyingi huangalia vitu vitatu: nyota, picha na maoni ya watu wachache wa mwanzo. Rangi zikipendeza, vitufe vikiwa vikubwa na mtoto wa miaka minne akaweza kuitumia bila kuelekezwa, imepita. Hakuna wa kumlaumu. Mtu aliyeshinda kazini, ana sufuria jikoni na daftari la shule la kusaini, hana muda wa kusoma mwongozo.

Wapo watu, hata hivyo, ambao programu ya namna hiyo ndiyo huwafanya wakunje uso. Ni hao hao wanaozitengeneza.

Mtembelee mtengeneza programu mzoefu akiwa kazini, tazama kioo cha kompyuta yake. Mara nyingi utakuta ni cheusi chenye maandishi tu, hakuna picha wala kitufe. Anaandika amri moja moja kwa mkono, kazi ambayo ingeisha kwa kubofya mara mbili kwenye programu yenye rangi. Mwoneshe chombo kipya kinachosifiwa kwamba hata mtoto anakiweza, naye atauliza maswali ambayo mnunuzi wa kawaida hayamjii kichwani. Kinahifadhi wapi kazi yangu? Kikikosea kitaniambia? Nikitaka kuhama, nitatoka na vitu vyangu?

Tuseme ukweli, sehemu ya tabia hiyo ni majivuno tu. Kila kazi ina watu wanaotaka ugumu ubaki ili wao waendelee kuonekana mabingwa. Madaktari wana mwandiko wao, mafundi wa kompyuta wana kioo chao cheusi. Lakini ukiondoa majivuno inabaki hofu yenye historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepitia hospitalini na vyumbani kwa watoto. Ndiyo maana nimeileta kwenye safu ya afya.

Herufi moja iliyokosewa

Kisa ambacho wanafunzi wengi wa kompyuta duniani hufundishwa ni cha mashine iitwayo Therac-25. Ilitengenezwa na kampuni ya serikali ya Canada, Atomic Energy of Canada Limited, kwa ajili ya kuwatibu wagonjwa wa saratani kwa mionzi. Zilifungwa mashine 11, tano Marekani na sita Canada.

Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi halisi vya umeme na chuma. Kama mashine haijajipanga sawasawa, mionzi haitoki, mwendeshaji abonyeze anachobonyeza. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa kwa sehemu kubwa, na kazi yake ikakabidhiwa programu ya kompyuta.

Mpango wa mwanzo ulimtaka mwendeshaji aingize maelezo ya matibabu mara mbili: kwanza chumbani kwa mgonjwa, kwenye mashine yenyewe, kisha tena kwenye kompyuta iliyo nje. Kompyuta ilinganishe. Waendeshaji wakalalamika kwamba inawachukua muda mrefu, na ukifikiria foleni ya wagonjwa huwezi kuwalaumu. Kampuni ikarahisisha. Badala ya kuandika upya tarakimu zote, mwendeshaji abonyeze tu kitufe cha kukubali na za chumbani zijinakili zenyewe. Bonyeza, bonyeza, bonyeza, umemaliza.

Machi 1986, katika kituo cha saratani mjini Tyler, jimbo la Texas, mwendeshaji mwenye uzoefu aliandika herufi x, yaani eksirei, badala ya e, yaani elektroni. Kosa dogo, na aliliona mwenyewe. Akarudi juu kwa kitufe cha mshale, akaandika e, kisha akabonyeza kukubali mfululizo hadi chini. Alikuwa mwepesi wa mikono. Alimaliza ndani ya sekunde zipatazo 8, wakati mashine ilikuwa bado inapanga sumaku zake, na programu haikutambua kwamba maelezo yamebadilika. Kioo kilionesha e. Ndani, mashine ilibaki na nguvu za eksirei, ambazo ni kali mara nyingi zaidi, huku kipande cha chuma kinachopaswa kuzipokea kabla hazijamfikia mtu kikiwa hakipo mahali pake.

Mashine ikasimama na kuandika kwamba kuna hitilafu namba 54. Basi, hakuna maelezo mengine. Mwongozo wa waendeshaji haukusema namba hiyo maana yake nini. Kioo kilidai pia kwamba mgonjwa amepata kipimo pungufu. Na kwa kuwa hitilafu zisizoeleweka zilikuwa jambo la kila siku, mashine ilikuwa na njia nyepesi ya kuzipita: herufi P, endelea. Mwendeshaji akabonyeza P.

Upande wa pili wa ukuta mgonjwa alikuwa ameshahisi kama amepigwa shoti mgongoni. Alikuwa anajaribu kuinuka kitandani mionzi ilipompata mara ya pili. Siku hiyo kamera ya chumbani ilikuwa imechomolewa na kipaza sauti kimeharibika, kwa hiyo hakuna aliyemsikia mpaka alipougonga mlango. Alikuwa ameandikiwa kipimo cha rad 180. Makadirio ya baadaye yalionesha alipata kati ya 16,500 na 25,000. Alifariki baada ya miezi mitano.

Aprili mwaka huo huo, kituo kile kile na mwendeshaji yule yule, ikatokea tena. Safari hii hospitali ilikaa chini na mashine. Mwanafizikia wake pamoja na huyo mwendeshaji walirudia hatua zile mara nyingi mpaka wakagundua siri ni kasi: anayeandika polepole hapati hitilafu, mwenye mikono myepesi anaipata. Agizo la kwanza la kampuni baada ya hapo linasikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Hospitali ziliambiwa zing'oe kitufe cha mshale wa juu kwenye kibodi na kuziba nafasi yake kwa utepe wa umeme.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 watu sita walipigwa mionzi kupita kiasi na mashine za aina hiyo, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1993 wataalamu wawili, Nancy Leveson na Clark Turner, walichapisha uchunguzi wao wa kina, na moja ya mambo waliyoyasema wazi ni kwamba kuifanya mashine iwe rahisi kutumia kunaweza kugongana na kuifanya iwe salama.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wazazi tungelifahamu lingetusaidia. Therac-25 haikuwa nzuri kwa macho. Kioo chake kilikuwa kile kile cheusi chenye maandishi. Urahisi wake ulikuwa wa aina moja tu: ilikuwa rahisi kuendelea nayo, lakini ngumu kuielewa. Mtu angeweza kupita hatua zote kwa kidole kimoja bila kujua nyuma ya kioo kunatokea nini. Fundi makini akikuambia haiamini programu fulani kwa sababu ni rahisi mno, anazungumzia urahisi huo. Rangi na mapambo ni dalili tu inayomfanya aangalie mara mbili.

Msaidizi asiyeuliza

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni Excel. Katibu wa kikoba aliyewahi kuingiza namba za simu za wanachama anaujua uchungu wake: umeandika 0754 na kuendelea, Excel inafuta sifuri ya mwanzo kwa sababu imeamua yenyewe kwamba hiyo ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri. Haijakuuliza. Imekusaidia.

Msaada huo huo uliwatesa wanasayansi wa vinasaba kwa miaka mingi. Kuna jeni za binadamu zilizokuwa zikiitwa MARCH1 na SEPT1. Ukiandika hivyo kwenye Excel inaona tarehe moja Machi na tarehe moja Septemba, na inabadilisha papo hapo. Watafiti wa Australia walikagua mwaka 2016 majedwali yaliyoambatanishwa na makala za utafiti wa jeni, wakakuta takriban makala moja kati ya tano ina makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilisalimu amri, ikabadilisha majina: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Nadhani ni mara chache mwili wa binadamu umelazimika kupisha programu ya ofisini. Microsoft walikuja kuweka namna ya kuizima tabia hiyo mwaka 2023.

Mwaka huo huo wa 2020, Uingereza katikati ya janga la Uviko-19, kosa la aina hii lilifika kwa wananchi. Majibu ya vipimo kutoka maabara yalikuwa yanakusanywa kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Yalipofika mwisho, majibu yaliyozidi hayakuingia. Hakukuwa na king'ora wala maandishi mekundu. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuhesabiwa kwenye takwimu za kila siku. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati, wakaendelea na shughuli zao kwa siku kadhaa wasijue kwamba wamekaa karibu na mgonjwa.

Excel ni chombo kizuri, nakitumia kila wiki. Ila ndicho hasa fundi anachokiogopa: chombo kinachofungua mlango kwa kila mtu, kisha kinakaa kimya kinapozidiwa.

Dubu aliyesema na dunia nzima

Tuje chumbani kwa mtoto. Miaka michache iliyopita Marekani kulikuwa na midoli iliyoitwa CloudPets. Wazo lilikuwa tamu kweli. Baba aliye safarini anarekodi ujumbe kwenye simu, ujumbe unafika kwenye dubu wa manyoya aliyeko nyumbani, mtoto anamminya na kumsikia baba. Naye mtoto anarekodi jibu, linarudi kwenye simu. Mzazi gani angekataa?

Februari 2017 mtaalamu wa usalama wa mitandao wa Australia, Troy Hunt, alieleza hadharani kwamba kanzidata ya midoli hiyo ilikuwa wazi kwenye intaneti bila nywila. Ndani yake mlikuwa na taarifa za akaunti zaidi ya 800,000, na njia ya kufikia sauti zaidi ya milioni mbili za wazazi na watoto. Wahalifu walikuwa wameshaipitia, wakafuta taarifa na kudai fidia.

Ilikuwaje? Kampuni ilitumia kanzidata iitwayo MongoDB, ambayo watengeneza programu wengi waliipenda kwa sababu ya wepesi wake. Unaisakinisha, inaanza kazi, haikudai nywila. Nywila ipo, ila lazima uiwashe mwenyewe, na aliyechagua chombo kwa sababu hakina usumbufu ndiye huyo huyo asiyerudi kuwasha usumbufu. Siku hizo maelfu ya kanzidata za namna hiyo zilikutwa wazi, za makampuni ya kila aina. Kwa mteja mambo yalikuwa mepesi vilevile: kampuni haikuweka masharti ya nywila, na video yake ya kufundisha ilimwonesha mtu akijisajili kwa nywila ya herufi tatu.

Ona jinsi urahisi ulivyopangana ghorofa kwa ghorofa. Mtoto amerahisishiwa, mzazi amerahisishiwa, na fundi naye amerahisishiwa na chombo alichokitumia. Mzazi anaiona ghorofa ya juu tu, ile yenye dubu. Fundi anazijua za chini, na ndiyo sababu huyu jamaa akialikwa kwenye sherehe ya mtoto na kuona mdoli unaounganishwa na intaneti, huonekana mtu wa kuharibu furaha za watu.

Kina mama wengi wanaijua Flo, programu ya kufuatilia hedhi na ujauzito iliyotumiwa na watu zaidi ya milioni 100. Ni nzuri kwa macho na inaeleweka haraka. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza malalamiko kwamba programu hiyo, iliyokuwa imewaahidi watumiaji usiri, ilikuwa ikipeleka habari zao, hata ile ya kwamba mtu ni mjamzito, kwa makampuni mengine yakiwemo Facebook na Google. Kampuni ilikubali suluhu bila kukiri kosa. Njia iliyopitishia habari hizo ndiyo ya kuitazama. Watengeneza programu hawaandiki kila kitu wenyewe. Huchukua vipande vilivyotengenezwa tayari na makampuni makubwa na kuvipachika: kipande cha kuhesabu watumiaji, kipande cha matangazo, kipande cha kuingia kwa akaunti ya Facebook. Ni bure, kazi ya wiki nzima inaisha kwa dakika chache. Kipande hicho kikishakaa ndani, kinaweza kuripoti kwa mwenyewe kila unachobofya. Ikiwa kitendo cha kubofya kimepewa jina la ujauzito, basi hilo ndilo linalosafiri.

Dawa tamu na kifuniko chake

Sisi wa habari za afya tunalifahamu tatizo hili kwa sura nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilianza kuuzwa aspirini ya watoto yenye ladha ya chungwa. Wazazi walishukuru, kwa kuwa vita vya kumshika mtoto pua ili ameze kidonge kichungu viliisha. (Siku hizi watoto hawapewi aspirini bila agizo la daktari, hilo lijulikane.) Baada ya muda watoto wakaanza kuifuata wenyewe kabatini na kuila kama pipi, na aspirini ikawa miongoni mwa sababu kubwa za watoto wadogo kufikishwa hospitali wakiwa wamekula sumu.

Haikuamuliwa kwamba dawa zirudi kuwa chungu. Mwaka 1967 daktari wa watoto wa Ontario, Canada, Henri Breault, aliyechoshwa na kuwasafisha watoto matumbo, alisukuma kifuniko cha kubonyeza huku unazungusha kianze kutumika. Miaka mitatu baadaye Marekani ikatunga sheria ya vifungashio vya namna hiyo. Syrup ya homa iliyopo kabatini kwako huenda ni tamu na kifuniko chake kinakukera saa nane ya usiku mtoto akiwa na joto kali. Vyote viwili ni vya makusudi.

Ukiulizia kwenye simu kifuniko hicho kiko wapi, unaanza kuziona programu kama fundi anavyoziona. Ukituma pesa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri unaoneshwa jina la mpokeaji. Hatua hiyo inachelewesha, na watu huibonyeza bila kusoma, lakini imeokoa fedha za wengi. Namba ya siri yenyewe kila muamala ni usumbufu wa makusudi. Fikiria mtandao mmoja uje na tangazo kwamba kwao pesa zinatoka kwa mguso mmoja, bila namba ya siri. Wewe na mimi, ambao si mafundi wa chochote, tungekuwa wa kwanza kukunja uso.

Sasa upande wa pili. Desemba 2022 tume ile ile ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite ambao watoto wengi wanaujua kuliko majina ya mito ya nchi yao, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Malalamiko yalikuwa juu ya vitufe. Mchezaji angeweza kujikuta amenunua kitu kwa mguso mmoja wakati anajaribu tu kuuamsha mchezo uliolala au kukitazama kitu kwanza, na kwa kipindi fulani watoto walinunua sarafu za mchezo kwa kadi ya mzazi bila mzazi kuombwa idhini. Kununua kulikuwa rahisi. Kufuta ununuzi na kurudishiwa fedha ndiko kulikofichwa na kuwekewa hatua nyingi.

Hiyo ni alama ambayo mafundi huitafuta. Wanataka kujua urahisi umewekwa upande gani: kuingia ni mguso mmoja, je, kutoka?

Hapa kwetu mfano mkali zaidi ni programu za mikopo ya haraka. Nyingi ni nzuri kupindukia. Rangi za kutuliza moyo, maswali machache, pesa ndani ya dakika. Mzazi mwenye mtoto aliyerudishwa ada hahitaji kushawishiwa mara mbili. Katikati ya hatua hizo chache kuna kidirisha kinachoomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizo kwenye simu, na kidole kinachokimbilia fedha kinakubali kama kile cha Tyler kilivyobonyeza P. Marejesho yakichelewa, ujumbe wa kudhalilisha unafika kwa shemeji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Google nao tangu 2023 wamekataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lao kusoma namba na picha za mtumiaji. Ndiyo maana wakopeshaji wa aina hiyo siku hizi wanaweza kukutumia kiungo kwa ujumbe ili uipakue programu nje ya Play Store. Fundi akiona kiungo hicho hafiki hata kwenye rangi.

Sisemi mzazi ajifunze kuandika amri kwenye kioo cheusi. Wala programu ngumu si salama kwa sababu tu ni ngumu. Muuguzi anayehangaika na mfumo wenye vitufe arobaini naye anakosea dozi, na kosa lake linaua vilevile. Kinachowezekana ni kuazima tabia mbili tatu za hawa watu, maana hazihitaji utaalamu.

Ya kwanza, mafundi wengi wakipakua programu hukataa kila ruhusa inayoombwa, kisha hutazama kama bado inafanya kazi iliyoahidi. Programu ya kumfundisha mtoto kusoma inaweza kuhitaji kipaza sauti ikiwa mtoto anasoma kwa sauti. Haihitaji kujua mko wapi, na haihitaji namba ya shangazi yake. Ulizokwisha kuruhusu zamani unaweza kuzikagua kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya faragha au ruhusa, ambapo zimepangwa kwa kila kitu: nani anatumia kamera, nani mahali ulipo. Wazazi wanaofungua sehemu hiyo mara ya kwanza hukuta tochi inayosoma namba za watu.

Sehemu ya usalama wa data kwenye Play Store nayo isomwe kwa jicho hilo hilo. Inasaidia, lakini yaliyoandikwa pale yameandikwa na mwenye programu mwenyewe.

Halafu kuna ununuzi. Kwenye Play Store, katika mipangilio ya akaunti, ipo sehemu ya kuchagua kwamba kila ununuzi udai nywila au alama ya kidole. Iwekwe kwa kila ununuzi, kabla simu haijafika kwa mtoto. Itakukera siku utakapotaka kununua kitu chako mwenyewe.

Na kabla ya kuingiza jina la mtoto, umri wake, picha yake au tarehe ya hedhi yako, tafuta kwanza mahali pa kufuta akaunti. Apple wanazilazimisha programu zinazofungua akaunti ziwe na namna ya kuifuta humo humo ndani, tangu 2022, na Google wakafuata. Ukitafuta dakika tano usipaone, umeshapata jibu ambalo fundi angekupa. Na ikiwa programu hukuipenda, usiishie kuiburuta kwenye alama ya takataka. Hilo linaiondoa kwenye simu tu. Akaunti, na kila ulichokwisha kuijaza, vinabaki kule vilikotumwa mpaka uingie na kuifuta akaunti yenyewe.